Wahitimu wa uuguzi wenye viza ya F-1 Marekani: tarehe ya kuanza OPT ifuate leseni, isifuate mahafali

Kibatari (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam.

Kila ifikapo Mei, vyuo vya Massachusetts, Minnesota, Texas na Georgia hutoa wahitimu wa uuguzi, na miongoni mwao wamo vijana wetu wa Kenya, Tanzania na Uganda waliosoma kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, mara nyingi kwa ada iliyotokana na michango ya ukoo au shamba lililouzwa. Wengi wao huingia katika kipindi cha kibali cha kazi cha muda, yaani OPT, wakiamini kwamba nchi inayolalamikia upungufu wa wauguzi kila kukicha haiwezi kumwacha bila kazi muuguzi aliyesomea hapo hapo. Imani hiyo ndiyo inayowaponza. Upungufu upo kweli, lakini kibali chao kinaendeshwa na kalenda isiyojali upungufu wowote, na hoja yangu katika uzi huu ni kwamba mhitimu wa uuguzi anapaswa kuipanga tarehe ya kuanza OPT kwa kuangalia siku atakayopata leseni, wala asiongozwe na siku atakayovaa joho.

OPT hutoa miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana moja kwa moja na masomo. Mwenzako aliyesomea kompyuta au uhandisi anaweza kuongezewa miezi 24, kwa sababu kozi yake imo katika orodha ya sayansi na teknolojia inayotunzwa na Wizara ya Usalama wa Ndani, ilhali uuguzi wa kawaida, ule unaoishia kwenye leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa), haumo katika orodha hiyo. Kwa hiyo ushauri wa rafiki wa fani nyingine, hata akiwa na nia njema kiasi gani, usiuchukue mzima mzima. Ndani ya miezi hiyo 12 mhitimu haruhusiwi kukaa bila ajira kwa zaidi ya siku 90 kwa jumla, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na hesabu huanza siku ile kibali kinapoanza kutumika, uwe umepata kazi au hujapata. Zikipita siku hizo, hadhi yako ya F-1 imevunjika, na hakuna muuguzi mkuu wa wodi atakayeweza kukuombea radhi mbele ya Idara ya Uhamiaji.

Mhandisi akipokea kadi yake ya kibali Jumatatu anaweza kuingia ofisini Jumanne. Muuguzi hawezi. Chuo lazima kwanza kiipelekee bodi ya uuguzi ya jimbo uthibitisho kwamba amehitimu, bodi ipitie maombi yake pamoja na alama za vidole, kisha impe ruhusa ya kufanya mtihani wa NCLEX-RN, ndipo apange siku katika kituo cha Pearson VUE, afanye mtihani, leseni itoke, na baada ya hapo hospitali ianze taratibu zake za ajira, ambazo zina vipimo vya afya, uchunguzi wa kumbukumbu za jinai na mafunzo ya kuanzia kazi ambayo hospitali nyingi huyaendesha kwa makundi katika tarehe maalumu. Kila hatua ina foleni yake. Mtihani wenyewe hugharimu dola 200, una maswali kati ya 85 na 150, na hudumu kwa muda usiozidi saa 5. Lakini ada na ugumu wake havinisumbui sana kama sharti kwamba anayeshindwa husubiri siku 45 kabla ya kurudia. Siku 45 ni nusu ya zile 90. Mtu ambaye saa ya kibali chake imekwisha kuanza kugonga, akianguka mara moja tu, amebakiwa na nafasi finyu sana ya kujinasua.

Sasa tuje kwenye tarehe. Sheria inakuruhusu kutuma maombi ya OPT kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza programu hadi siku 60 baada ya kumaliza, na tarehe ya kuanza unayoichagua inaweza kuwa siku yoyote ndani ya hizo siku 60 zinazofuata. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni akishaingiza pendekezo lake katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, maombi yako ya fomu I-765 lazima yafike USCIS, yaani Idara ya Uhamiaji, ndani ya siku 30. Nimeona wahitimu wengi wakiandika siku inayofuata mahafali, kwa kudhani kuwa kuchelewa ni kupoteza. Kwa muuguzi asiye na leseni ni kinyume chake: tuma maombi mapema, kwa sababu USCIS inaweza kuchukua miezi kuyashughulikia, lakini chagua tarehe ya kuanza iliyo karibu na mwisho wa zile siku 60, ili wiki za kusubiri bodi na mtihani zipite kabla saa haijaanza. Siku hizo 60 uko nchini kihalali, ingawa huwezi kulipwa hata senti moja. Jihadhari pia na upande wa pili: kipindi chote cha OPT lazima kimalizike ndani ya miezi 14 tangu mwisho wa programu, kwa hiyo kibali kikiidhinishwa kwa kuchelewa mno, sehemu ya miezi yako 12 itakatwa.

Jambo la pili ambalo halisemwi mapema ni namba ya hifadhi ya jamii, SSN. Yapo majimbo ambayo hayakupi leseni bila namba hiyo, na leseni ya pamoja inayotambuliwa katika majimbo takriban 40 kwa mkataba wa NLC haitolewi kabisa kwa asiye nayo. Mwanafunzi ambaye hajawahi kufanya kazi Marekani hujikuta akisubiri kibali ili apate SSN, kisha akisubiri SSN ili apate leseni, huku siku za ukosefu wa ajira zikiteketea. Dawa yake ni nyepesi, ila inyweke ukiwa bado masomoni: tafuta kazi ndani ya chuo, maktabani au jikoni, ambayo F-1 inaruhusu hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na uombe SSN kupitia kazi hiyo. California, kwa upande wake, inapokea namba ya mlipakodi ya ITIN badala ya SSN, na pia hutoa kibali cha mpito kwa mhitimu anayesubiri mtihani. Pennsylvania nayo ina kibali cha muda cha namna hiyo. Kabla ya kuchagua bodi utakayoiomba leseni, soma masharti ya majimbo zaidi ya moja, kwa kuwa hulazimiki kuomba katika jimbo ulikosomea.

Kuhusu miezi 12 ikiisha, nitaandika kwa kadiri maswali yatakavyokuja. Jamvi ni lenu.

Nesi Mtarajiwa

Shikamoo mkuu, na asante kwa uzi huu. Ninamaliza shahada ya kwanza ya uuguzi Desemba, na wakati wa masomo nilipata cheti cha usaidizi wa uuguzi. Je, nikianza kazi ya msaidizi katika nyumba ya wazee wakati nasubiri leseni, saa ya siku 90 itasimama? Na kazi ya kujitolea inahesabiwa?

Kibatari

Marahaba. Kazi inayohesabiwa ni ile isiyopungua saa 20 kwa wiki, inayohusiana moja kwa moja na masomo yako, na ambayo umeiandikisha kwenye tovuti ya SEVP, ofisi ya serikali inayosimamia wanafunzi wa kigeni, ndani ya siku 10 tangu uianze. Katika OPT ya kawaida kazi ya kujitolea bila malipo inakubalika, mradi isivunje sheria za kazi, maana yake ni kwamba mwajiri hawezi kukufanyisha bure kazi ambayo kwa kawaida hulipiwa mshahara. Kufundisha afya ya jamii katika kituo cha wakimbizi, au kumsaidia profesa wa uuguzi katika utafiti wake, ni mifano inayotetewa kwa urahisi.

Usaidizi wa uuguzi ndio unaozua ubishi. Uhusiano na masomo upo bila shaka, lakini kazi ya OPT inatarajiwa kulingana na kiwango cha elimu yako, na ofisa wa uhamiaji anaweza kuuliza kwa nini mwenye shahada ya uuguzi anafanya kazi isiyohitaji shahada. Mimi ningeichukua kama daraja la wiki chache tu, baada ya kuzungumza na mshauri wa chuo na kupata jibu lake kwa maandishi, na katika maelezo ya SEVP ningeandika bayana kwamba leseni inasubiriwa na kwamba mwajiri huyo anakusudia kunipandisha kuwa RN itakapotoka, kama kweli anakusudia hivyo. Usiandike lisilokuwepo.

Mbeba Boksi Mstaafu

Mkuu Kibatari, nakubaliana nawe kwa mengi, ila hili la kuchagua tarehe ya mwisho silimezi lote. Hospitali kubwa huajiri wahitimu wapya kwa programu za mwaka mmoja za uangalizi, na makundi yake mengi huanza Julai au Agosti. Mhitimu wa Mei aliyesogeza tarehe yake hadi karibu na mwisho wa Julai anaweza kulikosa kundi la Julai mapema, na kundi linalofuata likawa la baridi. Halafu ni nani atakayelipa kodi ya nyumba kwa miezi miwili bila kipato? Wengine hatukuwa na mjomba wa kumtegemea, na ndipo vijana hushawishika kwenda kufanya kazi za malipo ya mkononi ambazo baadaye huwatokea puani.

Kibatari

Mkuu, hoja ya kodi ni nzito, na kwa aliyekwisha pata ofa ya maandishi yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya OPT ifuate ofa hiyo. Ushauri wangu unawahusu wale ambao Machi imefika na hawana ofa wala ruhusa ya mtihani, na hao ndio wengi. Angalia pia kwamba programu hizo za Julai karibu zote zinadai leseni iwe mkononi kabla ya siku ya kwanza, kwa hiyo mwenye kibali asiye na leseni atalikosa kundi lile lile, isipokuwa yeye atakuwa amekwisha anza kuzila siku zake 90.

Kuhusu malipo ya mkononi, niseme bila kupepesa macho kwamba kazi isiyo na idhini ni jambo linalokufuata hadi kwenye maombi ya ukaazi wa kudumu. Kifungu cha 245(k) humsamehe anayeomba kupitia ajira kwa makosa yasiyozidi siku 180 kwa jumla tangu alipoingia nchini mara ya mwisho, lakini huo ni mlango wa dharura, na mtu mwenye akili hapangi safari yake kwa kuutegemea.

Bi Mkubwa wa Lowell

Wanangu, mimi ni muuguzi wa miaka mingi na nimewapokea vijana wengi wodini kwetu. Nataka kuzungumzia mikataba ya mawakala. Kijana wa nyumbani kwetu, aliyekuwa amebakiza wiki chache za OPT, alisaini mkataba na wakala mmoja aliyeahidi kumdhamini kwa grini kadi. Alifungwa kwa miaka mitatu, na kifungu cha fidia kilimtaka alipe maelfu ya dola kama angeondoka mapema, ilhali saa zake za kazi hazikuhakikishwa popote katika karatasi ile. Alipouliza kama maombi yake ya I-140, yaani yale ambayo mwajiri humtumia mfanyakazi ili apate grini kadi, yamekwisha tumwa, aliambiwa kila mara kwamba "yako mezani kwa mwanasheria". Hayakuwa yametumwa.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, ulizeni maombi yatatumwa lini, dai mpewe nakala ya hati ya kupokelewa kutoka USCIS, na mpeni mwanasheria wenu asome mkataba, msimtegemee wa mwajiri peke yake. Ada ya mwanasheria kwa saa moja ni ndogo kuliko fidia hiyo.

Kibatari

Asante sana, Bi Mkubwa. Hapo umegusa kiini cha suala la baada ya miezi 12, basi niendelee.

Watu hutaja viza ya kazi ya H-1B kana kwamba ni njia ya kila mhitimu. Viza hiyo inataka kazi ambayo kwa kawaida haifanyiki bila shahada ya fani mahususi, na kwa kuwa mtu mwenye stashahada ya miaka miwili anaweza kupata leseni ile ile ya RN, kazi ya uuguzi wa wodini kwa kawaida haifikii kipimo. Wanaofikia ni wauguzi wabobezi wenye shahada ya uzamili, baadhi ya wasimamizi, na nafasi chache ambazo hospitali inaweza kuthibitisha kwamba zinahitaji shahada. Hata hapo kuna bahati nasibu ya nafasi 65,000, pamoja na 20,000 za wenye shahada ya uzamili kutoka vyuo vya Marekani, ingawa hospitali zisizo za kibiashara zenye uhusiano rasmi na vyuo vikuu haziguswi na ukomo huo.

Njia kuu ya muuguzi ni grini kadi ya kupitia ajira, ya kundi liitwalo EB-3. Hapa mna upendeleo mmoja mkubwa: Wizara ya Kazi imewaweka wauguzi wenye leseni katika orodha iitwayo Schedule A, pamoja na wataalamu wa fiziotherapia, ikikiri kwamba upungufu wao unajulikana, kwa hiyo mwajiri halazimiki kutangaza nafasi na kuthibitisha kwamba hakupata Mmarekani. Huomba kiwango cha mshahara kutoka wizarani, hubandika tangazo kazini kwa siku 10 za kazi, kisha hutuma I-140. Siku ile I-140 inapopokelewa ndiyo inayokuwa tarehe yako ya foleni, na ndiyo maana maneno ya Bi Mkubwa kuhusu hati ya kupokelewa yana uzito mkubwa.

Tatizo ni kwamba foleni imekuwa ndefu. Viza za ajira kwa mwaka ni kama 140,000 kwa makundi yote, familia za waombaji zikihesabiwa humo humo, na EB-3 hupata takriban asilimia 28.6. Mnamo Septemba 2024 viza za EB-3 za mwaka ule wa fedha ziliisha kabla ya mwaka wenyewe kwisha. Mkenya au Mtanzania yumo katika safu ya nchi nyingine zote, ambayo inasonga kwa kasi kuliko ya India, lakini kungoja kwake kumekuwa kukizidi ile miezi 12 ya OPT. Kwa hiyo hata mwajiri mwema aliyetuma I-140 katika mwezi wako wa kwanza wa kazi hawezi peke yake kuziba pengo kati ya mwisho wa kibali na tarehe yako kufikiwa.

Kuna pia hati ya VisaScreen, inayothibitisha elimu na leseni ya muuguzi mgeni, inayotolewa na shirika la CGFNS ambalo sasa linajiita TruMerit. Sheria ya mwaka 1996 inaidai hata kwa muuguzi aliyesomea Marekani, ingawa kwake utaratibu ni mfupi. Anza kuifuatilia ukiwa na leseni mkononi, usingoje kuulizwa.

Nesi Mtarajiwa

Je, pengo hilo watu hulizibaje? Nimesikia kwamba nikisoma shahada ya uzamili napata OPT nyingine.

Kibatari

Ni kweli, OPT hutolewa mara moja kwa kila ngazi inayopanda. Aliyeanza na stashahada katika chuo cha jamii anaweza kuitumia, akasoma shahada ya kwanza akaipata tena, na akasoma uzamili akaipata tena. Kuna mtego ambao huwanasa hasa wenye stashahada: programu nyingi za kumtoa RN kwenye stashahada hadi shahada huendeshwa mtandaoni, na mwanafunzi wa F-1 anaruhusiwa kuhesabu somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti tatu, katika mzigo wake wa lazima wa kila muhula. Chuo kinaweza kuwa maarufu na cha bei nafuu na bado kisiweze kukutolea I-20, fomu ya chuo inayokupa hadhi ya F-1. Uliza kwanza kuhusu I-20, halafu ndipo uulize kuhusu ada.

Ukirudi darasani, kazi ya wodini inasimama hadi upate idhini nyingine. Waajiri wengine hukubali kukungoja, wengine hapana. Wapo pia waliochagua kurudi nyumbani na kungojea usaili wa viza ya uhamiaji katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi wakiwa na I-140 iliyokubaliwa, na sioni aibu yoyote katika uamuzi huo, kwa sababu tarehe ya foleni haipotei kwa kuvuka bahari.

Msafiri wa Bujumbura

Nami nina swali. Baba ni mgonjwa, nami niko katikati ya OPT na mwajiri ameniahidi kutuma I-140. Naweza kwenda kumwona na kurudi?

Kibatari

Pole sana, ndugu yangu. Kwa kawaida anayesafiri akiwa kwenye OPT anahitaji pasipoti na viza ya F-1 ambazo hazijaisha, I-20 iliyosainiwa na mshauri ndani ya miezi 6 iliyopita, kadi ya kibali, na barua ya mwajiri. Kama viza imekwisha itabidi uombe nyingine, na hapo I-140 ikiwa imetumwa inaweza kukuletea shida, kwani F-1 inadai uonyeshe kuwa unakusudia kurudi kwenu ilhali I-140 inasema unakusudia kubaki.

Kwako kuna zaidi. Tangazo la rais wa Marekani la Juni 2025 liliiweka Burundi miongoni mwa nchi ambazo raia wake wamesimamishiwa viza mpya za masomo. Kama viza yako bado hai, tangazo lile halikuifuta, lakini kanuni hizi zimekuwa zikiongezwa na kubadilishwa, kwa hiyo usikate tiketi kabla mwanasheria wa uhamiaji hajatazama pasipoti yako na viza yako kwa macho yake. Ukienda, omba likizo rasmi kwa maandishi, ili siku utakazokuwa nje zisihesabiwe kuwa za ukosefu wa ajira.

Mbeba Boksi Mstaafu

Nyongeza fupi kwa vijana: tazameni hati yenu ya kwanza ya mshahara. Mwanafunzi wa F-1 ambaye bado anahesabiwa si mkaazi kwa mambo ya kodi, kwa kawaida katika miaka 5 ya kalenda ya mwanzo, hakatwi mchango wa hifadhi ya jamii na wa bima ya afya ya Medicare, ambao kwa pamoja ni asilimia 7.65. Ofisi nyingi za mishahara hospitalini hazilijui hilo na hukata tu.

Nesi Mtarajiwa

Swali langu la mwisho. Fomu za hospitali huuliza kama nina idhini ya kufanya kazi Marekani, na kama sasa au baadaye nitahitaji kudhaminiwa. Nikijibu ndiyo kwa la pili, mfumo unanikataa hapo hapo. Wenzangu wananiambia nijibu hapana.

Kibatari

Jibu ndiyo kwa yote mawili, maana yote mawili ni kweli, na uongo wa kwenye fomu ya ajira ukigundulika unaweza kufukuzwa kazi katikati ya OPT, saa ya siku 90 ikaanza tena kukuhesabia pale ilipoishia. Usiutegemee mfumo peke yake. Mwandikie moja kwa moja meneja wa wodi uliyofanyia mafunzo kwa vitendo, mweleze kwamba kwa mwaka mmoja hahitaji kulipia chochote kwa upande wa uhamiaji, na kwamba baada ya hapo kazi yako imo katika Schedule A, ambayo ofisi nyingi za rasilimali watu hazijawahi kuisikia. Tafuta pia hospitali za miji midogo na nyumba za wazee zenye wauguzi waliokwisha dhaminiwa, kwa kuwa mwajiri aliyewahi kupita njia hiyo tayari ana mwanasheria wake na haogopi fomu. Katika orodha ya kwanza ya maombi weka hao, na zile hospitali kubwa za chuo kikuu ziombe sambamba, bila kuzingoja.